Mshahara wetu tuuhesabu kwa mifuko ya unga

Ndugu wachimbaji, bamama na bababa wa kambi na wa cité,

Mwezi uliopita tulifanya mkutano wa sendika pembeni ya uwanja wa mpira, hapa Likasi. Watu walikuja wengi kuliko siku zote, maana bei ya unga ilikuwa imepanda tena. Vijana waliosimama mbele wakaanza kupiga kelele: «Greve! Greve!» Nikanyanyua mikono niwatulize. Hapo mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama. Anauza mahindi kwa meka sokoni, na bwana yake ni dereva wa kamyo kwenye mgodi. Akaniuliza mbele ya wote:

«Delege, ile mwaka ingine mulifanya greve, mukaleta karatasi, mukasema tumeshinda. Bunga ilikula ile feza mbele ya myezi tatu kuisha. Leo munaenda kuomba nini tena?»

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, maana ile karatasi niliitia saini mimi mwenyewe.

Niseme ukweli. Mbele ya ule mgomo, mshahara wa msaidizi wa fundi ulikuwa unanunua mifuko tisa ya unga ya kilo 25. Tulipopata nyongeza, mwezi wa kwanza ulinunua kumi na kitu. Tukaimba, tukanunua na soda. Nusu mwaka baadaye ulikuwa unanunua saba. Karatasi yetu ilikuwa na namba kubwa ya francs, lakini haikuwa na hata neno moja juu ya unga. Tulishinda greve, tukashindwa sokoni.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa baba mdogo wangu, mzee sana sasa, ambaye miaka ya 1980 alikuwa seremala kule Kitwe, Zambia. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kiisha akasema: «Ile maulizo ya ule mama, bantu ba Kitwe baliiuliza mbele yenu. Na bengine balikufa juu yake.»

Ndiyo sababu leo ninaandika juu ya jirani zetu. Unga mwingi tunaokula unatoka kwao kupitia Kasumbalesa. Mateso yao ya zamani juu ya unga yanatuhusu pia.

Shaba inashuka, unga unapanda

Zambia, kama sisi, inaishi kwa shaba. Baada ya uhuru wa 1964, karibu feza yote ya kigeni iliyoingia nchini ilitoka kwenye shaba. Serikali ya Kenneth Kaunda ilitumia sehemu ya ile feza kununua mahindi kwa wakulima na kuyauza kwa bei ya chini mjini. Mchimbaji wa Kitwe au Mufulira alikula unga wa bei ndogo, na tofauti ililipwa na serikali.

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba duniani ikaanguka, na mafuta ya petroli yakapanda. Serikali haikupunguza matumizi, ikakopa. Deni likakua mpaka wakopeshaji, wakiongozwa na FMI, wakaanza kusema: ondoeni msaada wa unga, acheni bei ijipange yenyewe, acheni na kwacha ijipange yenyewe.

Mwezi wa kumi 1985 Zambia ikaanza kuuza dola kwa mnada. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa kwacha 2 na kitu. Mnada wa kwanza tu ikafika 5, na mwezi wa nne 1987 ilikuwa imepita 20. Mfanyakazi hakukatwa mshahara hata ngwee moja. Bulletin yake ilikuwa ileile. Ila sabuni, mafuta, nguo na nauli vilimkimbia.

Kiisha ikaja zamu ya unga. Hapa ninaomba msome polepole, maana ndipo kuna somo.

Kulikuwa na unga wa aina mbili, na nyinyi mnaijua yote miwili: breakfast, ule mweupe laini, na roller, ule wa maskini. Mwezi wa kumi na mbili 1986 serikali iliondoa msaada kwenye breakfast peke yake. Bei yake ikapanda kwa asilimia 120: kitu cha kwacha 100 kikawa cha 220. Roller ikabaki kwa bei ya zamani, na wakubwa wakasema maskini amelindwa.

Kwenye karatasi alilindwa kweli. Lakini wenye vinu walifanya hesabu yao. Wakisaga roller, wanauza kwa hasara, kiisha wanangoja serikali iwarudishie tofauti. Na serikali ile haikuwa na feza. Nani atasaga kwa kungoja? Wakaacha kusaga roller. Unga wa maskini ukabaki kwenye gazeti la serikali, dukani haukuwepo. Aliyetaka kula alilazimishwa kununua breakfast kwa bei mpya.

Desemba ya Kitwe

Baba mdogo wangu anakumbuka: «Mi sikuona mutu na silaha asubui ya kwanza. Niliona bamama na mabasini. Balienda ku duka, ba duka bakasema roller haiko. Bakaenda ku duka ingine, haiko. Ya tatu, haiko. Saa sita mulango ikavunjika.»

Fujo ziliwaka kwenye miji ya shaba, Kitwe mbele ya mingine. Maduka na maghala yalivunjwa, magari yakachomwa, askari wakapiga risasi. Watu 15 walikufa. Siku chache baadaye, tarehe 11 Desemba, Kaunda alifuta ile bei mpya na serikali ikachukua vinu vya unga mikononi mwake. Tarehe 1 Mei 1987, sikukuu yetu ya kazi, akatangaza kwamba Zambia inaachana na mpango wa FMI, kwacha inafungwa kwa 8 kwa dola moja, na deni halitalipwa kupita asilimia 10 ya mapato ya biashara ya nje.

Watu walifurahi. Walikuwa wameshinda, kwa damu yao.

Lakini walishinda nini? Walipata bei, na unga wenyewe haukuongezeka. Bei ya chini ilirudi kwenye ukuta wa duka, na nyuma ya duka hakukuwa na feza ya kuilipa. Foleni zikaanza saa kumi ya usiku. Mwaka 1989 serikali ikaleta kuponi: bila kuponi, hakuna unga wa bei ya msaada.

Unga uliovuka mpaka

Na sisi huku tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaula.

Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka nyumbani kwetu mifuko yenye maandishi ya Kiingereza. Mama aliifungua, akaifua, akatushonea masakoshi ya shule. Hatukuuliza unga ule umetoka wapi. Ulikuja na baiskeli kupitia njia za porini, maana huku Zaire ulikuwa na bei nzuri kuliko kwao. Kaunda alilalamika mara nyingi kwamba unga wa msaada unaibiwa kuvuka mpaka, na alikuwa na haki. Mama wa Kitwe alipanga foleni usiku, na mfuko wake ulikuwa jikoni kwetu.

Sisemi hivi ili tujihukumu. Baba zetu walikuwa na njaa, mishahara yao ilikuwa imekwisha kazi. Nasema ili tuone jambo moja: ule msaada uliwekwa kwenye mfuko, haukuwekwa kwenye mkono wa mfanyakazi. Na mfuko una miguu, unakwenda pale ambapo bei ni kubwa.

Leo mambo yamegeuka kidogo tu. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, maana mahindi yalikauka shambani. Kila mama wa Likasi, Lubumbashi na Kolwezi anajua Zambia ikifunga mkono kidogo, meka yetu inapanda siku ileile. Bosi wa mgodi hajapandisha bei hiyo, na wala hajapunguza mshahara. Lakini mshahara umepungua.

Mtu wa sendika aliingia Ikulu

Mwezi wa sita 1990 Zambia ilijaribu tena. Bei ya unga ikapanda zaidi ya mara mbili. Safari hii moto ulianza Lusaka, kwa wanafunzi wa chuo kikuu na watu wa mitaani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Tarehe 30 Juni luteni mmoja, Mwamba Luchembe, alichukua redio kwa saa chache akasema jeshi limeshika nchi. Haikuwa kweli, lakini watu walitoka nje kushangilia. Kaunda akaelewa kwamba wakati wake unakwisha. Akakubali vyama vingi.

Na nani alisimama kushindana naye? Frederick Chiluba, mkubwa wa shirikisho la sendika zote za Zambia tangu 1974, mtu ambaye Kaunda alimweka kizuizini mwaka 1981 pamoja na viongozi wengine wa wafanyakazi. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba alipata karibu robo tatu ya kura. Ndugu zangu, fikirini: delege kama mimi, kaingia Ikulu!

Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, serikali yake ikaondoa msaada wa unga. Bei ikapanda tena, na safari hii hakuna aliyetoka barabarani, maana watu walimwamini mtu wao. Ukame mkubwa wa 1992 ukaongeza mateso. Mwaka 1992 na 1993 bei za vitu, kila mwaka, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 100. Mwisho wa miaka ya 1990 migodi ya serikali ikauzwa vipande vipande, na maelfu ya wachimbaji wakapoteza kazi.

Wengine wanasema Chiluba aliwasaliti wenzake. Mimi sitasema hivyo kwa urahisi. Alikuta deni lileile, ghala lileile tupu, wakopeshaji walewale mlangoni. Ninachosema ni hiki: wafanyakazi walijua vizuri nani hawamtaki. Hawakuwa wameandika popote ni nani atakayelipa tofauti kati ya bei ya unga na mshahara. Serikali ikaanguka, na ile tofauti ikarudi palepale, kwenye mfuko wa mchimbaji.

Na sisi hapa?

Sisi pia tuna Desemba yetu. Mwezi wa kumi na mbili 1941, Lubumbashi, wafanyakazi wa shaba waligoma. Ilikuwa wakati wa vita, nguo na vitu vya dukani vilikuwa vimepanda, na shaba yao ilikuwa inatakiwa sana. Karani Léonard Mpoyi alisimama kuwasemea wenzake kwenye uwanja wa mpira. Aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Wazee wale walijua kuhesabu. Waliona vitambaa na chakula vinawakimbia, ndiyo maana hawakukubali maneno matupu.

Tuna pia ukumbusho mwingine, usio wa heshima: pillages za 1991. Zilianza na askari ambao solde yao ilikuwa imeliwa na bei, Kinshasa mwezi wa tisa, zikafika na huku Katanga. Nilikuwa kijana mdogo. Tulikula vizuri siku tatu. Juma lililofuata tulitafuta chumvi mtaa mzima. Mwenye duka aliondoka, hakurudi. Kwa hiyo nikisikia kijana anasema «tukavunje», mimi namuuliza: kiisha utanunua wapi?

Na tusidanganywe na namba. Mwaka 2018 serikali iliweka mshahara wa chini, SMIG, kuwa francs 7,075 kwa siku. Wakati ule dola ilikuwa karibu francs 1,600. Ile namba haikuguswa mpaka 2025, ilipopandishwa kuwa 14,500. Katikati, dola ilikuwa imepita 2,800. Fanya hesabu na mtoto wako wa shule: 7,075 ya 2018 ilikuwa dola 4 na kitu. Mbele ya kupandishwa, 7,075 ileile ilikuwa dola 2 na nusu. Hakuna bosi aliyekata, hakuna sheria iliyobadilishwa. Miaka saba mshahara ulikuwa unapungua peke yake usiku, sisi tumelala.

Tuombe nini

Sasa namjibu ule mama.

Ya kwanza: tusiombe namba, tuombe mifuko. Mkataba useme: mshahara wa kilasi fulani utanunua mifuko fulani ya unga ya kilo 25, na kila miezi mitatu sendika na kampuni wanakaa pamoja kuangalia bei ya masoko matatu ya mji. Bei ikipanda kupita kiasi tulichoandika, mshahara unafuata bila greve mpya. Bei ikishuka, mshahara haushuki. Kampuni watasema ni vigumu. Lakini wao wenyewe wanauza shaba kwa bei inayobadilika kila siku, na wana watu wa kuifuata. Hawawezi kushindwa kufuata bei ya mfuko.

Ya pili: chakula cha kazi kirudi kwenye mkataba kwa kilo, kisiwe kwa francs. Wazee wetu walipewa unga wa mwezi, na ulipofika, bei ya soko haikuwagusa. Mimi najua ubaya wake: unga unaweza kuchelewa, unaweza kuwa na wadudu. Kwa hiyo iandikwe tarehe, kilo na aina, na mfanyakazi awe na haki ya kukataa unga mbovu.

Ya tatu: wenzetu wa sous-traitance waingie kwenye mkataba uleule. Wanashuka shimo moja na sisi, wanakula unga mmoja na sisi, lakini nyongeza yetu haiwafikii. Siku ya mgomo wanaitwa kujaza nafasi zetu, na hatuwezi kuwalaumu, maana hatukuwahi kuwasemea. Nyuma ya greve ile niliyotaja nilimkuta mmoja wao, akaniambia: «Ninyi mulipata, shiye tulipata paka bei.» Aliyesema hivyo alikuwa mtoto wa jirani yangu.

Ya nne: kuna mambo ambayo kampuni haiwezi kutupatia hata tukigoma mwaka mzima. Njia ya Kasumbalesa, kodi na malipo yote yanayochukuliwa juu ya kamyo ya unga mbele haijafika sokoni, thamani ya franc: haya yako mikononi mwa serikali. Tupeleke barua nyingine, kwa mlango mwingine. Tuombe mkoa ubandike sokoni malipo yote halali ya mfuko mmoja wa unga, kila mtu asome. Tukichanganya milango, kila mmoja atasema «si mimi», kama vile Kitwe: serikali ilisema ni wenye vinu, wenye vinu wakasema ni serikali, na roller haikuwepo.

Kama hawatatusikia, tutagoma. Lakini tugome kwa njia ambayo haiwapi sababu ya kutufukuza. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka tupitie kwanza upatanisho mbele ya inspekta wa kazi, kiisha usuluhishi. Najua vijana wanaona ni kuchelewesha. Mimi naona ni wakati wa kutayarisha: kukusanya michango, kuongea na wenzetu wa makampuni mengine, kuhesabu. Aliyeingia mgomo bila hesabu anatoka na karatasi kama yangu.

Daftari ya mama

Jumapili ya pili nilirudi kwa ule mama sokoni. Nilitaka kumwambia haya yote. Hakunipa nafasi. Alitoa chini ya meza daftari ya shule ya mtoto wake, ya mraba, imekunjwa. Ndani kuna tarehe, bei ya meka, bei ya mfuko wa breakfast, bei ya roller, tangu miaka miwili na nusu. Kila Jumamosi, bila kuruka. Siku ambazo roller ilikosekana ameandika sufuri.

Nikamuuliza juu ya nini hakuileta kwenye mkutano. Akasema: «Nani aliniomba?»

Miaka yote ile sisi madelege tulikuwa tunaenda kwa wakubwa na maneno, na hesabu ilikuwa chini ya meza ya mahindi. Basi tumekubaliana: mama wawili wa soko wataingia kwenye kamati yetu ya madai, na daftari ile itapigwa fotokopi. Nawaomba na nyinyi wa Kolwezi, Kambove, Kipushi na Lubumbashi mfanye hivyo. Andikeni bei ya mfuko kila Jumamosi, sokoni kwenu, na jina la soko. Mkimaliza mwezi, mpeleke kwa delege wenu. Kama delege hataki kuipokea, mumuulize maswali mbele ya watu, kama nilivyoulizwa mimi.

Siku tutakayokaa tena mezani na kampuni, sitasema kwanza francs ngapi. Nitafungua daftari.